Taa za mbele zikififia: namna ya kuzirudishia nguvu kwa waya na rilei

Wasomaji wetu wengi wana magari ya umri: Hiace zilizochoka kubeba abiria, pikapu za samaki, Land Rover za urithi, na siku hizi vijana wanaonunua van kuukuu na kuitia kitanda na jiko wapate kutembea nchi. Lalamiko lao ni moja. Taa za mbele zimekuwa kama za kibatari. Wamebadilisha balbu mara mbili, mara tatu, na hakuna nafuu. Makala hii ni kwa ajili yao. Nitaeleza nilivyolitatua jambo hili kwenye gari langu, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata mwenyewe, au akamsimamia fundi wake na kujua anafanya nini.

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila kazi yangu ya majokofu imenipeleka ziwani. Huzunguka kwenye fuo za kuteremshia samaki, kutoka Kisumu mpaka Port Victoria kule kaunti ya Busia, nikitengeneza mashine za barafu na vyumba vya baridi. Nyumba za kulala wageni za kila usiku zilinimaliza, nikaamua kuifanya Hiace yangu iwe nyumba. Nyuma mna kitanda, kabati la spana, jiko la gesi, feni, jokofu dogo, na betri ya pili ya kuviendesha. Gari lenyewe ni la miaka ya tisini. Injini haina neno. Shida ilikuwa macho.

Usiku wa Budalang'i

Karibu na ikweta giza halichelewi. Jua likizama, nusu saa haipiti na usiku umekwisha kuingia. Jioni hiyo nilitoka Port Victoria nimechelewa, kwani mashine ya barafu ilinigomea mpaka magharibi. Nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa anayejifunza kazi kwangu. Tulikuwa tunapita nyanda za Budalang'i, kule Mto Nzoia unakofurika mara kwa mara, tukielekea Bumala. Barabara haina taa wala mwezi haukuwapo, na vijidudu vya ziwani vilikuwa vimejaa kwenye vioo.

Nilikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa, si mwendo wa kutisha. Mpwa wangu ndiye aliyepiga kelele, "Mjomba, mtu!" Mbele yetu palikuwa na mwanamume akisukuma baiskeli, gunia la omena nyuma, ile ambayo sisi pwani tungeiita dagaa. Hakuwa na taa wala nguo nyeupe. Nilimwona akiwa hatua thelathini hivi. Nilikanyaga breki na kukata usukani kulia, gari likayumba, likasimama upande usio wetu. Lau pangekuwa na lori linakuja, mimi na mtoto wa dada yangu tusingekuwapo leo. Yule bwana hakuguswa. Alitutazama, akasema pole, akaendelea kusukuma.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa gari huenda karibu mita 17 kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu huhitaji kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujaikamata breki sawasawa. Hizo ni mita 25. Kisha, kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari huburura mita 20 nyingine kabla ya kusimama. Jumla ni mita 45. Mimi niliona kwa hatua thelathini. Maana yake ni kwamba breki peke yake isingeniokoa, hata ingekuwa mpya. Nilikuwa naendesha kwa kubahatisha.

Balbu haikuwa na kosa

Nilikuwa nimekwisha kujaribu njia za mkato. Fundi mmoja aliniuzia balbu za halojeni zenye wati nyingi kuliko za kiwanda. Zikawaka vizuri wiki moja, kisha soketi ya plastiki ikayeyuka. Mwingine akaniwekea za LED. Zilikuwa nyeupe, zikipendeza ukutani, lakini kila gari lililokuja mbele lilinipigia taa kwa hasira, na barabara yenyewe sikuiona vizuri zaidi.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja fundi wa umeme wa magari mjini Kisumu. Hakushika balbu hata moja. Alichukua mita, akaniambia niwashe injini na taa, akapima kwenye betri, kisha akapima nyuma ya taa.

"Mzee, balbu yako ni sawa," akasema. "Shida iko kwa njia. Stima inaisha kabla ifike."

Kwenye betri, injini ikinguruma, mita ilisoma volti 13.9. Kwenye mgongo wa taa ilisoma 11.6. Volti 2.3 zilikuwa zinapotelea njiani.

Mtu atasema volti mbili ni nini? Kwa balbu ya halojeni ni jambo kubwa. Mwanga wake haupungui sawasawa na volti, hupungua kwa kasi zaidi, kwa sababu waya mdogo ndani ya balbu ukipoa kidogo tu huacha kutoa mwanga mweupe na kugeuka kuwa wa manjano, kama kaa linalozimika. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa taa ni kwamba mwanga hufuata volti ikipandishwa kwa kipeo cha 3.4 hivi. Ukipiga hesabu hiyo, balbu inayopata volti 11.6 badala ya 13.5 hutoa kama asilimia 60 tu ya mwanga wake. Nilikuwa nimelipia balbu mbili nikapata moja na robo.

Volti zinapotelea wapi

Fikiria bomba la maji. Tangi likiwa juu na bomba likiwa jembamba, refu na lenye kutu, maji hutoka bombani kwa unyonge hata tangi likijaa. Umeme ni vivyo hivyo. Balbu ya kawaida ya H4 ina wati 60 kwa fuli (taa za mbali) na 55 kwa dimu (taa za karibu). Balbu mbili za fuli kwa volti 12 zinataka ampea 10. Katika magari mengi ya zamani ampea zote hizo hutoka betrini, zikapita kwenye kisanduku cha fyuzi, zikapanda mpaka swichi iliyo kwenye usukani, zikashuka tena mbele kwenye taa, kwa waya mwembamba ambao kiwanda kiliuchagua kwa kubana gharama.

Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita. Ukiwa na mita nne za waya wa namna hiyo na ampea 10, umekwisha kupoteza volti 0.7 kabla hujahesabu kiungo chochote. Juu yake ongeza miaka thelathini: swichi iliyoungua midomo, fyuzi iliyoshika kutu, viungo vilivyolegea kwa mitikisiko, na boliti ya athi iliyofungwa juu ya rangi na vumbi. Kila kimoja hunyang'anya kidogo.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Hewa ya chumvi huingia ndani ya waya na kuufanya mweusi, na kwenye viungo huacha ule unga wa kijani. Gari langu lilikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kwenda ziwani. Tulipokata waya wake wa athi, shaba ilikuwa nyeusi mpaka ndani, sentimita nyingi kutoka kwenye ncha.

Pima kabla ya kununua chochote

Mita ya umeme ya bei ndogo yatosha. Iweke kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Washa injini, washa dimu, na usiichomoe soketi ya taa. Ingiza ncha za mita kwa nyuma yake huku balbu ikiwaka. Ukipima soketi iliyochomolewa mita itakudanganya, itaonyesha volti zote, kwa kuwa hakuna mzigo unaovuta.

Pima mara nne na uandike:

1. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye hasi ya betri. Injini ikiwa inakwenda upate kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, shughulika kwanza na alteneta, mkanda wake au betri. Waya mpya hautakusaidia.

2. Pini mbili za balbu inayowaka. Tofauti kati ya kipimo hiki na cha kwanza ndiyo hasara yako yote.

3. Kutoka chanya ya betri mpaka pini ya chanya ya balbu. Hii ni hasara ya upande wa kwenda.

4. Kutoka pini ya hasi ya balbu mpaka hasi ya betri. Hii ni hasara ya upande wa kurudi.

Kipimo cha tatu na cha nne vikijumlishwa vilingane na hasara yote. Jumla ikiwa chini ya nusu volti, waya zako ni nzima. Tafuta kosa kwingine. Ikipita volti moja, una sababu ya kufanya kazi hii.

Kwangu mimi upande wa chanya ulipoteza 0.7 na upande wa hasi 1.6. Hapo nikajifunza jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Nilidhani swichi hukata chanya, kama swichi ya nyumbani. Toyota nyingi za zamani hazikufungwa hivyo. Pini ya shirika ya taa hupewa chanya, na swichi ya usukani hukata upande wa hasi. Kwa hiyo swichi iliyoungua na waya wake mrefu vyote vilikuwa upande wa kurudi. Fundi anayeongeza athi kwenye taa za namna hiyo bila kupima aweza kuziwasha zisizimike, au kuunguza fyuzi. Usiamini rangi za waya, wala usiamini kumbukumbu ya fundi. Amini mita.

Dawa: rilei mbili na njia mpya

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ndani mna koili inayovuta midomo miwili ikagusana. Koili yenyewe hutumia chini ya robo ya ampea. Basi ile swichi ya usukani na waya zake kuukuu zinabaki na kazi nyepesi ya kuamrisha koili, na mzigo wa taa unapita njia mpya, fupi na nene, moja kwa moja kutoka betrini.

Vitu vya kununua ni hivi:

Rilei mbili za pini nne, za volti 12, za ampea 30 au 40, pamoja na vikalio vyake. Pini za rilei nyingi zina namba hizi: 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unapoingia, 87 ni unapotoka. Yenye pini tano ina 87a katikati. Hiyo iache bila waya.

Waya wa gari wa nyuzinyuzi, wa shaba, wa milimita 2.5 za mraba. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu, maana hukatika kwa mitikisiko. Na kwaruza ncha kabla ya kununua. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Iache dukani.

Vikasha viwili vya fyuzi visivyopitisha maji, na fyuzi za ampea 15.

Soketi mbili mpya za H4, za kauri ukizipata, kwani hazikubali kuyeyuka.

Vichwa vya waya vya kubana, koleo lake la haki, mpira wa kusinyaa kwa moto, msasa na grisi.

Mimi gharama yote haikufika bei ya tairi moja jipya.

Namna ya kufunga

Kwanza fungua waya wa hasi kwenye betri. Hili si la hiari. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huyeyuka mkononi.

Funga rilei mahali pakavu mbele, karibu na taa, mbali na joto la injini, pini zikitazama chini ili maji yasikae ndani. Katika van nyingi betri haiko karibu na taa, kwa hiyo pima njia ya waya kabla ya kuukata, na uupitishe ndani ya bomba la plastiki popote unapogusa bati.

Kutoka chanya ya betri toa waya mbili za milimita 2.5, kila mmoja na fyuzi yake, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, isipite shibiri moja. Sababu ni hii: kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu. Kikikwaruzika, gari litaungua. Waya wa kwanza nenda nao pini 30 ya rilei ya dimu, wa pili pini 30 ya rilei ya fuli. Kuzitenganisha kuna faida. Fyuzi moja ikikatika usiku, bado una taa ya kukufikisha.

Kutoka 87 ya rilei ya dimu, peleka waya kwenye pini ya dimu ya soketi mpya, kushoto na kulia. Kutoka 87 ya rilei ya fuli, fanya vivyo kwa pini ya fuli. Pini ya tatu ya kila soketi mpya, ile ya shirika, ipeleke kwenye athi kwa waya uleule wa milimita 2.5. Kwaruza bati kwa msasa mpaka ling'ae, kaza boliti, kisha upake grisi juu. Ukiweza, rudisha waya wa athi mpaka hasi ya betri yenyewe. Mimi nilifanya hivyo na sijajuta.

Imebaki amri ya koili. Chukua soketi moja ya zamani, tuseme ya kushoto. Koili ya rilei ya dimu iunge kati ya pini ya shirika na pini ya dimu ya soketi hiyo ya zamani. Koili ya rilei ya fuli iunge kati ya pini ya shirika na pini ya fuli. Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya kazi iwe gari lako linakata chanya au linakata hasi, kwani koili haijali umeme unaingia upande gani. Ila baadhi ya rilei zina dayodi ndani, na hizo zinajali: 86 iwe chanya na 85 iwe hasi. Soketi ya zamani ya upande wa pili izibe vizuri kwa tepu na uifunge isining'inie. Usiikate, siku rilei zikikuharibikia njiani utairudisha kwenye balbu na kufika nyumbani.

Bana vichwa vya waya kwa koleo lake, si kwa meno wala nyundo. Kisha vuta kila kiungo kwa nguvu ya mkono. Kinachochomoka leo mkononi kingechomoka kesho Mariakani, usiku, nyuma ya lori.

Rudisha hasi ya betri, washa. Utasikia rilei ikilia "tak". Jaribu dimu, fuli, na ile ya kuomba njia. Angalia pia taa ndogo ya samawati kwenye dashibodi. Katika magari mengine hubadilika tabia baada ya kazi hii, basi iangalie kabla hujafunga kila kitu kwa tepu.

Mambo ya gari la kulala

Gari lenye betri ya pili lina mtego wake. Jokofu langu na betri ya nyuma vyote hunyonya kutoka alteneta moja. Usiku, nikiwa na mwendo mdogo kwenye matuta, na jokofu linavuta na betri ya nyuma ina njaa baada ya kutumika mchana kutwa, volti za betri kuu zilikuwa zinashuka mpaka 13 na chini yake. Hapo hata waya mpya haziwezi kuumba umeme usiokuwapo. Nilichofanya ni kuweka swichi mbele ya kuzima mkondo wa betri ya nyuma ninapoendesha usiku. Barafu haiyeyuki kwa saa mbili.

La pili ni uzito. Gari lenye kitanda, kabati na tangi la maji huketi nyuma na kuinua pua, na taa huinuka nayo. Taa zikipata nguvu mpya huku zinatazama mitini, umejisaidia kidogo na kuwapofusha wenzako sana. Lipange gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwenye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini. Kwenye dimu, mstari ambapo mwanga unakatika ukutani uwe kama sentimita 10 chini ya urefu huo. Parafujo za kupangia ziko nyuma au pembeni mwa taa.

Isipokufaa

Kazi hii haifai kila gari. Kama kioo cha plastiki kimekuwa cha manjano, kipolishi au ukibadilishe. Kama kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kimepauka na kumenyeka, nunua taa nyingine. Hakuna waya utakaoufanya ukuta wa chokaa uwe kioo. Na ununuapo, hakikisha ni taa za nchi zinazoendesha kushoto kama yetu. Zile zilizotengenezewa nchi za kulia, ambazo huingia na vipuri vya kutoka Ghuba, hurusha mwanga juu upande wa kulia, ndani ya macho ya anayekuja.

Magari ya volti 24, kama malori na baadhi ya mabasi madogo, yanataka rilei na balbu za volti 24. Na magari mapya yanayoongozwa na kompyuta usiyaguse kwa njia hii; kompyuta huhesabu umeme unaokwenda kwenye balbu, na ukiibadilishia njia italeta makosa.

Balbu zirudishe za kiwanda, 60 na 55. Zikipata volti zake kamili hutahitaji zaidi. Balbu za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni hazikai mahali pale pale pa ule waya unaowaka, kwa hiyo kioo cha ndani hakijui pa kuutupa mwanga. Ndiyo maana wale madereva walinikasirikia, na walikuwa na haki.

Baada ya kazi

Tulimaliza saa kumi na moja jioni, mimi na mpwa wangu, uani kwa yule fundi, ambaye alikuja mara mbili tu kuangalia na kutucheka. Nilipima tena. Betri 13.9, mgongo wa taa 13.5. Hasara iliyobaki ni 0.4. Balbu zilezile, kioo kilekile.

Wiki iliyofuata nilikuwa tena barabara ya kutoka Port Victoria, usiku, nimejipa mwendo wa pole kwa adabu niliyoipata. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa usukanini. Mbele, mbali, akaona mtu na mwanamke mwenye beseni kichwani, wakitembea ukingoni. Akapunguza, akashusha dimu, akawapita kwa nafasi ya gari zima. Hakunena kitu, wala mimi sikunena. Mwanamke alinyanyua mkono.

Nina ombo moja kwa mafundi wetu wa pwani, wa Kisauni, Likoni, Malindi na Lunga Lunga. Nunueni mita, na mpime kabla ya kuuza balbu. Anayekuja kwenu na taa hafifu hajaja kutafuta urembo. Na wewe mwenye gari, leo jioni kabla ya magharibi simamisha gari lako mbele ya ukuta, washa dimu, tazama mwanga wake. Ukiwa wa manjano kama chai, usiondoke usiku huo. Kwenye barabara zetu kila mara yupo mtu anayesukuma baiskeli bila taa, na hana namna ya kujua kwamba wewe humwoni.